Pauni 23,139 kabla ya tiketi: hesabu ya viza ya mwanafunzi na mwenza wake

Ukiuliza viza ya mwanafunzi ya Uingereza ni bei gani, utaambiwa pauni 524, na aliyekujibu hajakudanganya. Lakini chukua mke na mume wanaotoka Dar es Salaam au Mombasa. Mke anakwenda kusomea shahada ya uzamivu ya miaka mitatu katika mji ulio nje ya London, na mume anamfuata kama mtegemezi. Hawa wanatakiwa kuwa na pauni 23,139 kabla hawajauliza bei ya tiketi, na hapo nimechukulia kwamba mke amepata ufadhili wa ada ya masomo tu, asidaiwe hata senti na chuo. Tukiihesabu pauni moja kuwa shilingi 3,300 za Tanzania, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 76. Kwa shilingi 170 za Kenya, inakaribia milioni 4. Viwango nitakavyovitaja, vya Uingereza na vya kwingineko, ni vile vilivyokuwa vikitumika mwanzoni mwa 2026. Hubadilishwa karibu kila mwaka, na mara nyingi kwa kupanda, kwa hiyo anayeomba aanze kwa kuvihakiki kwenye tovuti ya serikali husika.

Tuigawe hesabu hiyo. Ada ya viza ni pauni 524 kwa kila mmoja, jumla 1,048. Tozo ya afya ya watu wawili kwa muda wote wa viza ni pauni 5,432. Pauni 16,659 zinazobaki halipwi mtu yeyote. Ni fedha ambazo serikali ya Uingereza inataka kuziona zimekaa benki ili ijue mtakula nini na mtalala wapi. Kwa hiyo katika kila pauni 100 mnazozitafuta, 4.5 tu ndizo ada ya viza, 23.5 ni afya, na 72 ni za kuonyesha.

Familia nyingi hujipanga kwa ile ada iliyotangazwa, kisha zikakwama kwenye mambo mawili ambayo tangazo halikuyapa uzito: fedha inayopaswa kutulia bila kuguswa, na ruhusa ya yule wa pili kufanya kazi. Kwa maoni yangu, hayo mawili ndiyo yanayoamua kama ndoa itasafiri nzima au itagawanywa na bahari. Ada yenyewe, hata ikipanda tena, haiamui sana.

Tozo inayolipwa yote kwa mkupuo

Uingereza ilianza kuwatoza wanafunzi wa kigeni tozo ya afya mwaka 2015, pauni 150 kwa mwaka. Januari 2019 ikawa 300, Oktoba 2020 ikawa 470, na tangu 6 Februari 2024 ni 776. Imeongezeka zaidi ya mara tano ndani ya miaka tisa, na mwenza wa mwanafunzi hulipa kiwango hichohicho. Wanandoa wetu wangeondoka mwaka 2016 kwa masomo ya urefu uleule, tozo yao ya afya ingekuwa pauni 1,050 kwa wote wawili. Leo ni 5,432, na hulipwa yote siku ya kuwasilisha maombi, kabla afisa hajafungua faili lenu. Hakuna kulipa kwa awamu.

Namna inavyohesabiwa inahitaji umakini, kwa sababu kuna fedha ya kuokoa humo. Tozo hufuata urefu wa viza, na viza ni ndefu kuliko masomo: kwa kozi ya miezi 12 au zaidi huongezwa miezi minne baada ya masomo kumalizika, na hadi mwezi mmoja kabla hayajaanza. Kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita hutozwa nusu, na kikizidi miezi sita hutozwa mwaka mzima. Uzamivu wa miezi 36 unazaa viza ya takribani miezi 41, yaani miaka mitatu na nusu ya tozo, pauni 2,716 kwa kichwa. Chuo kikiandika kwenye hati ya udahili, ile ambayo waombaji wote wanaiita CAS, kwamba masomo ni ya miezi 38, viza inakuwa ya miezi kama 43 na tozo inaruka hadi miaka minne: pauni 3,104 kwa kichwa, au pauni 776 zaidi kwa wanandoa. Tofauti ya miezi miwili kwenye karatasi ya chuo imewagharimu zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu za Tanzania. Zipo kozi ambazo kweli zinahitaji muda huo na hakuna haja ya kubishana nazo. Lakini tarehe ya mwisho ya masomo inastahili kuangaliwa na kuulizwa kabla CAS haijatolewa, maana ikishatolewa kuirekebisha ni usumbufu.

Kwa anayesoma uzamili wa mwaka mmoja, viza huwa ya miezi 16 au 17, na tozo ni ya mwaka mmoja na nusu: pauni 1,164. Ukijumlisha ada ya viza unapata pauni 1,688. Huyu haruhusiwi tena kuandamana na mwenza, isipokuwa kwa njia moja nitakayoieleza mbele.

Siku 28 bila kupungua hata senti

Sasa tuje kwenye zile pauni 16,659. Tangu 11 Novemba 2025, mwanafunzi wa nje ya London anatakiwa kuonyesha pauni 1,171 kwa kila mwezi wa masomo, zisizidi miezi tisa, yaani 10,539. Wa London ni 1,529 kwa mwezi, yaani 13,761. Mwenza huongeza pauni 680 kwa mwezi nje ya London, au 845 ndani yake, nayo kwa miezi tisa: 6,120 au 7,605. Kila mtoto anahesabiwa kiasi kilekile cha mwenza. Wanandoa wetu wangechagua chuo cha London, fedha ya kuonyesha ingepanda kutoka 16,659 hadi 21,366. Tofauti hiyo, pauni 4,707, ni zaidi ya shilingi milioni 15 za Tanzania, na inatokana na anwani ya chuo peke yake.

Kiasi hicho lazima kiwe kimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isiwe imepita siku 31 kabla ya kuwasilisha maombi. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja kati ya hizo 28, hata kwa shilingi chache za makato ya benki, hesabu inaanza upya. Na kama kuna ada ya masomo ambayo hujailipa, sehemu ya mwaka wa kwanza iliyobaki inaongezwa juu. Mwanafunzi wa uzamili ambaye ada yake ni pauni 20,000, akiwa ametanguliza 5,000, anatakiwa kuonyesha pauni 25,539. Kwa Tanzania hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 84, iliyotulia, kwa mtu ambaye mara nyingi hata kazi hajaanza.

Hapa ndipo utaratibu wetu wa kusaidiana unapokutana na sheria isiyoujua. Kwetu safari ya masomo hugharimiwa na watu wengi. Kuna kikao cha ukoo, kuna harambee kanisani, kuna kundi la simu ambapo mjomba aliye Muscat ameahidi, shangazi wa Mwanza ameahidi, na wenzako mliosoma nao wanatuma elfu hamsini hamsini. Fedha inakuja, lakini inakuja kwa vipande, na vipande vikubwa huja mwishoni. Sheria haimtambui mjomba wala shangazi. Inatambua akaunti yenye jina lako, au ya mzazi wako ikiwa na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha uhusiano na barua yake ya ridhaa, na kwa mwenza, akaunti yake au ya mwanafunzi. Mchango wa mjomba una thamani kwenye maombi pale tu unapoingia kwenye mojawapo ya akaunti hizo, na siku 28 zinaanza kuhesabiwa siku kiasi chote kinapotimia, si siku mchango wa kwanza ulipoingia. Aliyechangisha kuanzia Mei akatimiza kiwango tarehe 10 Agosti ameanza kuhesabu tarehe 10 Agosti.

Kwa sababu hiyo, ninamshauri kila anayeandaa kikao cha mchango aanze kwa kuwatangazia ndugu tarehe, kabla ya kutaja kiasi. Ndugu anayejua kwamba laki tatu zake za mwezi wa sita zina kazi kuliko laki tano za mwezi wa tisa, mara nyingi atajitahidi kuwahi. Na pesa zilizo kwenye simu zihamishiwe benki mapema, kwa sababu kinachosomwa na afisa ni taarifa ya akaunti ya benki.

Kuna jambo jingine ambalo shilingi zetu hutufanyia. Ukiweka fedha kwa shilingi, afisa huzigeuza kuwa pauni kwa bei ya siku ya maombi inayoonyeshwa na tovuti ya OANDA, na si kwa bei ya siku ulipoziweka. Mkenya anajua maana yake: mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takribani shilingi 124, na kufikia Januari 2024 ilikuwa karibu 160. Aliyekuwa na kiasi kamili akaanza kuhesabu siku zake katika kipindi kama kile angeweza kufika siku ya 28 akiwa na salio lilelile kwa shilingi na pungufu kwa pauni. Kwa wanandoa wetu, nyongeza ya asilimia 5 juu ya kiwango ni pauni 833, kama shilingi milioni 2.7 za Tanzania. Si ndogo, lakini ni kinga, na mkishavuka salama bado ni yenu.

Ugumu huu umezaa biashara mbaya. Wapo mawakala wanaotoa huduma ya kuazimisha salio: fedha ya mtu mwingine inakaa kwenye akaunti yako mwezi mmoja kwa malipo, kisha inaondoka. Wapo wabaya zaidi, wanaokutengenezea taarifa ya benki isiyokuwepo. Maafisa huwapigia simu mabenki kuhakiki, na anayekamatwa na nyaraka ya kughushi au maelezo ya uongo anaweza kufungiwa kuomba viza ya Uingereza kwa miaka 10. Ninalisema hili kwa uchungu. Vijana wengi walioingia humo hawakuwa wadanganyifu kwa tabia. Walikuwa na udahili mkononi, wameishiwa siku, na mtu akawaambia kila mtu hufanya hivyo. Hata huyo aliyeazima salio la kweli amelipia fedha ambayo hatakuwa nayo akifika, na kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza haitamsubiri.

Yule wa pili

Mwaka 2019 Uingereza ilitoa viza takribani 16,000 kwa wategemezi wa wanafunzi. Mwaka 2022 zilifika kama 136,000. Serikali ikaamua, na kuanzia 1 Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kawaida wa darasani hawakuruhusiwa tena kuleta wenza wala watoto. Mwaka 2024 viza hizo zikashuka hadi kama 22,000. Sehemu kubwa ya wategemezi wa kipindi kile walitoka Nigeria na India. Wa Afrika Mashariki hatukuwa sehemu kubwa ya ongezeko lile, lakini katazo halikuchagua.

Waliobaki na haki ya kuja na familia ni wale wa uzamivu na shahada nyingine za utafiti, na wale wanaosoma kozi ya zaidi ya miezi sita kwa ufadhili wa serikali, iwe ya Uingereza au ya nchi nyingine. Ndiyo njia ile niliyoahidi kuieleza. Mwanafunzi wa uzamili anayesomeshwa na Chevening, ambao ni ufadhili wa serikali ya Uingereza, anaweza kuandamana na mwenza, wakati jirani yake wa darasa moja anayejilipia hawezi. Chevening yenyewe haitoi fedha za familia: viza ya mwenza, tozo yake ya afya na matumizi yake ni juu yenu. Lakini mlango uko wazi, na nimeona wanaoufunga wenyewe kwa kutojua. Vivyo hivyo kwa anayefadhiliwa kikamilifu na serikali ya nchi yake. Barua ya ufadhili inapaswa kusema waziwazi kwamba anayelipa ni serikali na kwamba analipia ada na matumizi. Barua ya maneno ya jumla haisaidii.

Sasa angalia kinachobadilika mume wa mwanafunzi wetu wa uzamivu akifika. Viza yake inamruhusu kufanya kazi muda wote, karibu kazi yoyote. Kima cha chini cha mshahara cha Uingereza kwa mtu mzima kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa saa 37.5 za wiki, hiyo ni kama pauni 1,984 kwa mwezi kabla ya makato. Karatasi zake zote, ada na tozo ya miaka mitatu na nusu, ziligharimu pauni 3,240. Akipata kazi ya kima cha chini, mshahara wa chini ya miezi miwili unazilipa. Mke wake, aliye mwanafunzi, amewekewa kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Katika nyumba hiyo mtegemezi ndiye atakayekuwa nguzo ya kipato, na neno hilo la kisheria lisimvunje moyo mwanamume wala ndugu zake.

Linganisha na Marekani. Kwa mwanafunzi wa viza ya F-1, ada ya maombi ni dola 185 na ada ya kusajiliwa kwenye mfumo wa SEVIS ni dola 350. Mwenza wa F-2 hulipa 185 tu, bila SEVIS. Jumla dola 720 kwa wawili, chini sana ya ile ya Uingereza, ingawa sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imeidhinisha ada nyingine ya dola 250 kwa viza za muda. Tatizo ni kwamba F-2 hairuhusu kazi hata saa moja. Kwa shahada ya miaka mitano, mwenza anakaa miaka mitano bila kipato halali. Hakuna hesabu ya kurudisha zile dola 185, kwa sababu hakuna mshahara wa kuzirudisha, na gharama halisi ni mshahara ambao mtu mzima mwenye taaluma ameuacha nyumbani. Ukilinganisha hivyo, viza ya dola 185 inakuwa ghali kuliko ya pauni 3,240. Walio kwenye mpango wa kubadilishana wa J-1, ambako ada ya SEVIS ni dola 220, wako mahali tofauti: mwenza wa J-2 anaweza kuomba kibali cha kazi akishafika. Chuo kikikupa nafasi ya kuchagua kati ya F na J, na wewe una mke au mume, hilo liulizwe kabla ya kusaini, pamoja na sharti la baadhi ya wenye J-1 kurudi nyumbani miaka miwili.

Kwa Mtanzania ulinganisho huu kwa sasa ni wa kujua tu. Tangazo la rais wa Marekani la 16 Desemba 2025 lilisimamisha kutolewa kwa viza za masomo na za kubadilishana, yaani F, M na J, kwa raia wa Tanzania kuanzia 1 Januari 2026. Warundi walikuwa wameshawekewa zuio la namna hiyo tangu Juni 2025. Wakenya bado wanaomba.

Ujerumani ina mpangilio mwingine kabisa. Ada ya viza ni euro 75 kwa mtu. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Uzito uko kwenye akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 mwanafunzi anaweka euro 11,904 za mwaka mzima, na akifika anaachiwa 992 kila mwezi. Ni fedha yake, na ataila. Mwenza huongeza mzigo wake wa kujikimu juu ya hapo, lakini mwanafunzi aliye kwenye bima ya afya ya umma anaweza kumwingiza mwenza asiye na kipato bila kuongeza malipo. Weka hilo kando ya zile pauni 2,716 za mume wetu. Mwenza akishapata kibali cha ukaazi anaweza kufanya kazi. Kinachomchelewesha ni lugha: anatakiwa kuwa na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya viza, na kwa anayeanzia sifuri hiyo ni miezi kadhaa ya darasa, iwe Goethe-Institut ya Nairobi, ya Dar es Salaam au kwingineko. Wanandoa wanaotaka kwenda Ujerumani pamoja wamwandikishe mwenza darasani siku mwanafunzi anapotuma maombi ya chuo. Wakisubiri udahili utoke, mmoja atatangulia.

Kanada iko katikati. Tangu 1 Septemba 2025 mtu mmoja anaonyesha dola za Kanada 22,895 na wawili 28,502, mbali na ada ya masomo. Kibali cha masomo ni dola 150, kibali cha kazi cha mwenza 255, na alama za vidole za familia hazizidi 170, jumla 575. Lakini tangu 21 Januari 2025 mwenza hupewa kibali hicho cha kazi pale tu mwanafunzi anaposoma uzamivu, uzamili wa miezi 16 au zaidi, au kozi chache za kitaaluma. Uzamili wa mwaka mmoja, unaovutia kwa ufupi wake, unamnyima mwenza kazi. Miezi minne zaidi ya darasani inaweza kuwa na thamani kuliko ada yake.

Kuna njia ya kupunguza mzigo ambayo watu huisahau kwa hofu ya kutengana. Si lazima wanandoa wetu wa Uingereza waondoke siku moja. Viza ya mume huisha siku moja na ya mke, kwa hiyo akimfuata baada ya mwaka mmoja atalipia tozo ya afya ya miaka miwili na nusu, pauni 1,940, badala ya 2,716. Wanaokoa pauni 776, na muhimu zaidi, zile pauni 6,120 za kumwonyesha zinapata mwaka mzima wa kutafutwa. Kwa wengine mwaka wa kutengana ni mrefu kuliko fedha yoyote, na sitamwambia mtu mwenye mtoto wa miezi minane kwamba hesabu imeshinda. Lakini waujue uchaguzi huo upo.

Cheti na kalenda

Karatasi rahisi kuliko zote, cheti cha ndoa, ndiyo inayowachelewesha wengi wetu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inazitambua ndoa za dini, za kiserikali na za kimila, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inafanya vivyo hivyo, ambapo usajili wa ndoa za kimila ulianza Agosti 2017. Kutambuliwa na sheria na kuwa na cheti ni mambo mawili. Mahari yametolewa, wazee wamekula, watoto wamezaliwa, na bado hakuna karatasi ambayo afisa aliye ng'ambo anaweza kuisoma. Sajilini mapema. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili tu kinahitaji tafsiri yenye jina la mtafsiri, saini, tarehe na mawasiliano yake. Hakikisheni majina yanalingana na pasipoti, kwa mpangilio uleule. Walioishi pamoja bila ndoa wanaweza kuomba Uingereza kama wenza wakithibitisha miaka miwili ya uhusiano unaofanana na ndoa, ila ushahidi wake huwa mzito kukusanya kuliko kusajili.

Masomo ya Uingereza yakianza 28 Septemba, rudi nyuma. Uamuzi wa kawaida huchukua wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole, kwa hiyo ili mpate jibu tarehe 7 Septemba maombi yawe yamekamilika kufikia 17 Agosti. Toa siku 28: kiasi chote kiwe benki kufikia 20 Julai. Mimi ningelenga mwanzo wa Julai. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu, ambacho waombaji wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanakihitaji kwa viza ya zaidi ya miezi sita, hudumu miezi sita, hivyo kinaweza kuchukuliwa mapema. Anayesomea baadhi ya fani za sayansi na uhandisi huhitaji pia kibali cha ATAS. Hakilipiwi, lakini kinaweza kula wiki kadhaa na huombwa kabla ya viza. Aliyechelewa anaweza kununua huduma ya haraka kwa pauni 500, au ya haraka zaidi kwa 1,000. Kwa wanandoa hiyo ni pauni 1,000 au 2,000, karibu sawa na ada zao za viza au mara mbili yake, na mara nyingi ni fedha iliyopotea kwa sababu mchango ulitimia Agosti badala ya Julai.

Na ombi likikataliwa? Ada ya viza hairudi: pauni 1,048 za wanandoa zimekwenda, na za huduma ya haraka pamoja nazo. Tozo ya afya, zile 5,432, hurudishwa kwa njia ileile iliyolipiwa. Fedha ya benki haijaguswa. Barua ya kukataa hutaja kifungu kilichowaangusha, na kama kosa ni la afisa, kwa mfano amehesabu vibaya salio ambalo taarifa ya benki inalionyesha vizuri, kuna siku 28 za kuomba uamuzi upitiwe upya kwa pauni 80. Kama kosa ni lenu, pauni 80 hizo msizitoe. Wasilianeni na chuo siku hiyohiyo kuhusu CAS mpya na tarehe ya mwisho ya kuripoti, muwaombe waahirishe udahili hadi muhula unaofuata ikibidi, na zile pauni 16,659 ziacheni palepale zilipo, zikiendelea kuhesabu siku.